Pima ngapi mpaka chini?

Mjomba wangu ni mvuvi wa Msangamkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara. Kwa miaka mingi sasa kila nikimwamkia huwa na swali moja. Marahaba haijamtoka vizuri, keshauliza: "Hayo majukwaa ya gesi yako wapi? Mbona siyaoni?"

Simlaumu. Mwaka 2012 mji mzima wa Mtwara ulikuwa na picha moja kichwani, ile ya kwenye televisheni: mnara wa chuma katikati ya bahari, miguu minne, moto unawaka kwenye ncha ya bomba, helikopta inatua. Viwanja vilipanda bei, nyumba za wageni zikaota kama uyoga, na sisi vijana tukaanza kuulizana nani anamjua nani. Mjomba alikaa akisubiri mnara utokeze upande wa mashariki, kule anakotokea mwezi. Mpaka leo anasubiri.

Aibu yangu ni kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kumjibu. Nilifanya kazi miaka minne kwenye mitambo hiyo, si kwetu, huko Ghuba ya Uajemi, nikiwa fundi rangi. Msinicheke. Kazi ya rangi baharini haiishi. Unamaliza upande huu, kutu imeshaanza upande ule, na baada ya miezi michache unaujua mtambo mzima kuliko mhandisi wake, maana yeye anauona kwenye mchoro na wewe umeupapasa kwa mkono.

Mwaka jana nikaamua kumjibu Mjomba kikamilifu. Tulikaa kwenye ngalawa yake iliyopandishwa mchangani, naye akanikatiza kabla sijaanza.

"Niambie kwanza, hapo maji ni pima ngapi?"

Kwa msomaji wa bara: pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8 hivi. Mvuvi hushusha kamba yenye bildi mpaka iguse chini, kisha huivuta akiihesabu kwa mikono. Swali la Mjomba ndilo wahandisi huanza nalo. Aina zote za mitambo ya baharini, na ni nyingi, zimezaliwa na swali hilo.

Nikamwanzishia na mwaka 1947. Kampuni ya Kerr-McGee ilichimba kisima nje ya pwani ya Louisiana, Marekani, mahali ambapo nchi kavu haionekani tena. Dunia ya mafuta hukitaja kisima hicho kama mwanzo wa mambo yote. Maji yalikuwa mita sita tu.

"Pima tatu na kidogo!" Mjomba akacheka. "Hapo watoto wetu wanazamia pweza."

Ndivyo ilivyokuwa. Walisimamisha nguzo, wakaweka sakafu juu yake, kama dungu la shambani. Kutoka hapo wakaenda mbele kidogo kidogo kwa mtindo uleule wa kusimama: fremu kubwa ya mabomba ya chuma inatengenezwa nchi kavu, inabebwa kwa tishari, inashushwa majini, kisha nguzo zinapigiliwa ndani ya sakafu ya bahari ili kuishikilia. Hilo ndilo jukwaa la kwenye televisheni. Mwaka 1988 kampuni ya Shell ilisimamisha moja liitwalo Bullwinkle katika Ghuba ya Mexico, kwenye maji ya mita 412, karibu pima 230. Ni mnara mrefu kuliko mengi ya maghorofa mnayoyajua, na karibu wote umezama.

Kwa nini hawakuendelea tu kurefusha? Chuma ni ghali, hilo la kwanza. La pili linapendeza zaidi. Mnara mfupi mnene hutikisika haraka haraka, mawimbi hayauwezi. Ukizidi kurefuka, mtikisiko wake unapungua kasi mpaka unakaribia mwendo wa mawimbi yenyewe, na vikilingana, kila wimbi linausukuma kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Wakaja wenye akili wakasema, basi tuufanye mwembamba kabisa, uyumbe polepole kuliko wimbi lolote. Petronius, nayo ya Ghuba ya Mexico, imesimama hivyo kwenye maji ya mita 535. Angola wanayo yao ya namna hiyo. Mjomba alilielewa hili haraka kuliko mimi nilivyolielewa: mnazi haushindani na upepo.

Wanorwei nao wakaja na zege. Walijenga majukwaa ya zege ndani ya fyodi zao, yaani ghuba nyembamba zinazoingia ndani ya nchi, zenye maji marefu na tulivu, wakayavuta yakiwa yamesimama mpaka bahari kuu, wakayakalisha chini kwa uzito wake tu. Troll A, iliyovutwa mwaka 1995, ina urefu wa mita 472 kutoka chini mpaka juu, na imesimama kwenye maji ya mita 303. Mjomba hakuamini kwamba zege linaelea. Nikamkumbusha kwamba na meli za chuma zinaelea, akanyamaza, lakini kunyamaza kwa mtu asiyekubali. Pengine ana haki, maana zege la jukwaa jingine, Sleipner A, halikuelea. Tarehe 23 Agosti 1991 lilikuwa likijaribiwa kwenye fyodi karibu na Stavanger, ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na likazama lote. Waliokuwemo walitoka salama. Hesabu za kompyuta zilikuwa zimepunja nguvu ambayo ukuta ule ungebeba, na lilipogonga chini, vyombo vya kupimia matetemeko vililisikia.

Sasa nije kwenye ninayoijua kwa mikono yangu.

Ghuba ni bahari fupi. Wastani wa kina chake ni mita 35 hivi, pima zisizofika ishirini. Kwa hiyo pale utakuta majukwaa ya kusimama, tena mengi, na kati yake zinatembea rigi, yaani mitambo ya kuchimbia, tulizokuwa tukiziita jakapu. Jukwaa hukaa miaka na miaka likitoa mafuta au gesi. Jakapu huja, huchimba au hutengeneza kisima, huondoka. Ni fundi wa kuitwa.

Nilifika kwenye jakapu yangu ya kwanza kwa helikopta, maji ya mafunzo bado yakinicheza masikioni. Kabla hujaruhusiwa kwenda baharini wanakufunga mkanda ndani ya kibanda kilichofanana na helikopta, wanakitumbukiza kwenye bwawa, kinageuka juu chini, nawe unatakiwa kuisukuma dirisha itoke, ufungue mkanda na upenye. Nilipomsimulia Mjomba alitaka kujua jambo moja tu: nililipwa ili nizamishwe, au nililipa? Nililipa. Wakala alinikata kwenye mshahara wa kwanza.

Jakapu ni sanduku la chuma la pembetatu linaloelea, lenye miguu mitatu inayopenya katikati yake. Ikihama, miguu yote iko juu hewani, mirefu kuliko ghorofa thelathini, na tagi zinaivuta taratibu kama meza iliyogeuzwa miguu juu. Siku ya kuhama sisi mafundi rangi tulikuwa na kazi ya pekee, maana miguu ikipanda inakuja na chaza, mwani na harufu ya pwani maji yakitoka. Jua la Ghuba linakuchoma, mchanga wa kupigia kutu umekujaa kwenye kola, halafu ghafla unanusa Msangamkuu. Mara mbili nilijisingizia vumbi limeniingia machoni.

Ikifika mahali pake, miguu inashushwa kwa meno na magurudumu ya chuma mpaka iguse chini. Mgeni hudhani hapo kazi imekwisha. Mahali penye hatari ni hapo. Sakafu ya bahari inaweza kuwa na gamba gumu juu na tope laini chini yake, na mguu mmoja ukilitoboa gamba, rigi nzima inalala ubavu. Kwa hiyo hawaharakishi. Sanduku linanyanyuliwa kidogo tu, kisha wanapampu maji ya bahari ndani ya matangi yake ili kuongeza uzito, na wanasubiri saa nyingi. Hakuna anayepiga kelele. Wanataka miguu izame kadiri inavyoweza kuzama leo, watu wakiwa macho, isije ikazama usiku wa dhoruba. Wakiridhika wanayamwaga maji na sanduku linapanda. Ukisimama ukingoni unaona bahari inashuka chini yako, kumbe unayepanda ni wewe.

Ukitaka kujua mtambo wa baharini unaumia wapi, muulize fundi rangi. Juu kabisa ni chumvi na jua, rangi inavumilia. Chini ya maji hakuna hewa ya kutosha, na pia huchomelewa vipande vya aluminiamu au zinki ili viliwe badala ya chuma. Panapoumia ni pale katikati, palipo na lowa-kauka, wimbi linapopiga na kurudi. Pale rangi haidumu.

Lakini miguu ina mwisho. Kwenye maji ya mita mia na hamsini hivi jakapu inafika kikomo chake. Mjomba akauliza: je, wavuvi wa mbali zaidi? Wanaelea, nikamwambia.

Hadithi ya kuelea nayo ilianza kwa bahati. Miaka ya mwanzo ya 1960 kulikuwa na rigi zilizokuwa zikivutwa zikielea, kisha zinajazwa maji na kukalishwa chini. Mhandisi wa Shell, Bruce Collipp, aligundua kwamba rigi hizo zikiwa zimezama nusu njia, kabla ya kugusa chini, zilikuwa hazichezi sana na mawimbi. Basi kwa nini zikalishwe? Rigi iitwayo Blue Water No. 1 ikafanywa ibaki hivyohivyo, nusu majini nusu nje, ikishikwa na nanga. Ndiyo semi ya kwanza, jina lililofupishwa kutoka Kiingereza "semi-submersible", yaani inayozama nusu. Siri yake ni kwamba boya kubwa liko chini, kwenye maji yaliyotulia, na panapopita mawimbi kuna nguzo nyembamba tu. Wimbi halina pa kushika.

Semi ndizo zilizofungua bahari kuu, na ndizo zenye makaburi mengi. Mtu akitaja Deepwater Horizon, watu 11 waliokufa tarehe 20 Aprili 2010, anaitaja semi. Mimi inayonikosesha usingizi ni ya zamani zaidi.

Alexander L. Kielland ilikuwa semi ya miguu mitano, iliyojengwa Dunkirk, Ufaransa, na kufika Norway mwaka 1976. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980 ilikuwa ikitumika kama bweni la wafanyakazi kwenye eneo la mafuta la Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, watu 212 ndani, wengine wakiangalia sinema, upepo mkali nje. Bomba moja la kuunganisha mguu likakatika. Mengine ya jirani yakaelemewa, yakafuata. Mguu ukang'oka wote. Rigi ikainama, na baada ya muda usiotosha kula chakula ikapinduka. Walikufa watu 123.

Wachunguzi waliufuata ufa nyuma mpaka mwanzo wake. Kwenye lile bomba palikuwa pametobolewa tundu na kuchomelewa kishikizo cha chombo cha kusikilizia sauti majini. Weldi ya milimita sita, ya kitu ambacho hakikubeba uzito wowote, kwa hiyo hakuna aliyeihesabu kuwa sehemu ya uti wa mgongo. Na ndani ya ufa walikuta rangi. Rangi ya kiwandani. Maana yake ufa ulikuwepo tayari siku rigi inapakwa, kabla haijaondoka Dunkirk.

Nilisikia habari hii darasani Ghuba, kwenye kozi ya usalama, wenzangu wakisinzia. Mimi niliduwaa. Fundi rangi mwenzangu alisimama pale, labda kwenye jukwaa la mbao kama mimi, akapitisha brashi, rangi ikaingia kwenye ufa, akaona pamependeza, akasogea. Hakufanya kosa lolote. Hiyo ndiyo kazi yetu, kufunika. Lakini tangu siku ile sikuwahi kupaka weldi bila kupitisha kwanza ukucha.

Mjomba alikuwa kimya kwa hili. Mtu wa ngalawa anaujua ufa uliofunikwa na sifa.

Zaidi ya semi nilimpitisha haraka, maana jua lilikuwa linashuka naye alikuwa na mitego yake. Kuna linaloelea lakini limefungwa chini kwa mabomba ya chuma yaliyokazwa. Chukua boya, lifunge kwa kamba fupi kuliko kina, lizamishwe kidogo kwa nguvu: litabaki likivuta juu, kamba imekaza kama uzi wa kinanda, na haliwezi kupanda wala kushuka. La kwanza liliwekwa Hutton, Bahari ya Kaskazini, mwaka 1984. Na kuna spari, ambayo ni pipa refu la chuma lililosimama wima, tumbo limejaa hewa juu na uzito umewekwa chini kabisa kama chubwi. Perdido, ya Ghuba ya Mexico, ilianza kazi mwaka 2010 kwenye maji ya mita 2,450 hivi. Pipa lake lilitengenezwa Finland, likavushwa bahari likiwa limelala, kisha likajazwa maji upande mmoja likasimama lenyewe. "Kama mtu anayeamka," alisema Mjomba. Yeye hakuwa anatafuta tamathali, alikuwa anaelewa tu.

Kisha meli. Hili halikumpa shida. Meli inatia nanga juu ya visima, inapokea mafuta kwa mabomba yanayonyumbulika, inayasafisha, inayahifadhi tumboni, na tanki jingine linakuja kuyachota. Nyingi zimefungwa kwa mhimili wa mbele, ili meli izunguke kufuata upepo, kama jahazi lolote lililotia nanga. Shell walianza hivyo Hispania mwaka 1977, na leo Brazil na Angola wanaishi kwa meli hizi.

Na moja iko jirani yetu. Hapo ndipo maongezi yalipobadilika.

Ukivuka Ruvuma, upande wa Cabo Delgado, nje baharini kwenye maji ya mita 2,000 hivi, kuna kiwanda kinachoelea kiitwacho Coral Sul. Urefu wake mita 432, upana mita 66. Kinatoa gesi chini, kinaipoza mpaka iwe kimiminika hukohuko, tani milioni 3.4 kwa mwaka, na kuipakia kwenye meli. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Sasa kumbuka Palma, Machi 2021, wapiganaji walipouvamia mji na watu wakakimbia, wengine wakaelekea upande wetu wa mto. Mradi mkubwa wa gesi uliokuwa ukijengwa nchi kavu pale Afungi ulisimamishwa mwezi uliofuata. Coral Sul haikusimama. Ilikuwa Korea Kusini, kisiwa cha Geoje, inamaliziwa. Mwanzoni mwa 2022 ikafika na wafanyakazi wake, jiko lake, vitanda vyake. Ikafika na rangi imeshakauka.

Hilo ndilo nililokuwa nataka Mjomba alione. Tunadhani aina ya mtambo ni mambo ya wahandisi. Lakini jukwaa la miguu lazima litengenezwe mahali, na mara nyingi ni pwani iliyo karibu. Linataka wachomeleaji, wapika chapati, wenye tishari, na fundi rangi kila mwaka mpaka litakapozeeka. Kiwanda kinachoelea kinataka bahari tu. Kina kikiongezeka, pwani inaachwa nje ya hesabu, na hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Kina ndicho kilichoamua.

"Na yetu?" akauliza.

Yetu. Gesi inayowasha taa za Dar es Salaam haikutoka kwenye picha ya televisheni. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kufika Dar mwaka 2004. Ni ya kisiwani na maji mafupi yanayokizunguka. Ya Mnazi Bay inatoka Msimbati, karibu tu na tulipokuwa tumekaa, na ndiyo watu wa Mtwara waliyoiandamania Desemba 2012, wakasema haitoki, na bomba likajengwa. Ile kubwa, iliyopandisha bei ya viwanja, ni ya mbali. Ilitafutwa na meli za kuchimba, zinazojishikilia mahali kwa propela bila nanga, zikaja, zikatoboa, zikaondoka. Visima vikapewa majina matamu. Kwenye vitalu namba 1 na 4 ni Pweza, Chewa, Jodari, Ngisi. Kwenye kitalu namba 2 ni Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini.

Mjomba alinitazama. "Samaki wapo, viungo vipo. Mchuzi tayari. Wali uko wapi?"

Wali ni mazungumzo ya mkataba, nikamwambia, na hayo yamekwenda na kurudi miaka mingi. Lakini hata siku yakiisha, mnara hatauona. Kisima cha Zafarani kilichimbwa kwenye maji ya mita 2,582, zaidi ya pima 1,400, na kitalu chake kiko kama kilomita mia kutoka Lindi. Mpango unaozungumzwa ni kuweka vali na mabomba kwenye sakafu ya bahari, na gesi ije yenyewe mpaka kiwandani Lindi. Wanorwei wanafanya hivyo Snøhvit tangu 2007, kilomita 143 kutoka kisimani mpaka kisiwa cha Melkøya, na juu ya maji hakuna kitu. Mvuvi anapita na nyavu zake hajui kama chini kuna mgodi.

Nilidhani atakasirika. Badala yake alitafakari kama mtu anayehesabu kamba. Kisha akasema hiyo si mbaya sana, maana ameshasikia kwamba ukikaribia jukwaa unafukuzwa. Ni kweli, kwa kawaida ni mita 500 kila upande. Baharini pasipo na mnara hakuna wa kumfukuza.

Tukainuka kuisukuma ngalawa. Maji yalikuwa yanajaa, yameshafika kwenye rengu. Nilikuwa upande wa shetri, nimeegemea kwa bega, aliponiuliza bila kugeuka:

"Na hivyo vyuma vya huko chini, nani anavipaka rangi?"

"Hakuna, Mjomba. Vinapakwa mara moja kiwandani, ndipo vinashushwa. Miaka ishirini, thelathini."

"Aa," alisema. "Basi shika huku, usukume."